Wifi Kanuna

Mvua ya alfajiri ililowesha mkaa wa Moto, muuza kahawa wetu, basi siku hiyo kahawa ya kijiwe ikachemshwa kwa birika la umeme, waya wake ukipita dirishani kwa Pindo, fundi cherehani mwenye nyumba ya kona. Benchi lilikuwa lile lile la mguu mmoja mfupi, na makalio ni yale yale. Ila Pindo mwenyewe hakuwa wa siku zote. Alikuwa kavaa shati lake la harusi. Binti yake aliyeko ng'ambo kajifungua, na mchana huo angepiga simu ya video amwonyeshe mjukuu wake wa kwanza. Sasa mchana umeingia, intaneti hakuna, na simu mtaa ule hazishiki mtandao labda ukwee paa.

Pindo akatoka ndani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

— Jamani, mama mwekundu, watoto wekundu!

Mama ni kisanduku kikubwa cha sebuleni. Watoto ni viwili vidogo, cha chumbani na cha jikoni, vinavyosambaza wifi nyumba nzima; taa zao zikiwa nyekundu, intaneti hakuna. Ndivyo aliyevifunga alivyoviita, na Pindo akashika hivyo hivyo.

— Umemzima mama ukamwasha? akauliza Waya, fundi wa redio.

— Weee, mpaka kidole kinauma! Anaamka, ananuna.

— Basi watoto wamepoteana na mama yao. Walete wote sebuleni.

Pindo akaingia mbio, akatoka anahema.

— Nimewaleta. Sasa wananuna kwa pamoja.

— Pingamizi! akadakia Mahakama, karani mstaafu. Tatizo ni nywila. Ni nani na nani hapa mtaani wenye nywila yako?

— Nyinyi!

Mahakama akakohoa.

— Pingamizi limetupwa.

Moto akamimina kahawa kwa madaha.

— Mnajisumbua bure. Intaneti imelowa. Nyaya zinapita ardhini, mvua imenyesha, ikilowa inateleza.

— Inateleza kwenda wapi?

— Bondeni! Kamuulizeni kinyozi wa kule kama ya kwake haijafurika.

— Ndiyo maana! Waya akaruka. Asubuhi hii simu yake ilikuwa na kasi mpaka ikapata moto!

— Tumshtaki! Mahakama akasimama, benchi likapinduka upande, Waya akaokota kikombe kutoka mapajani.

Walicheka mpaka machozi. Pindo hakucheka.

— Chekeni tu. Mtoto atakua akidhani babu yake ni taa nyekundu.

Mkewe akachungulia dirishani, amekata tamaa:

— Wifi bado kanuna! Hataki kuongea na mtu!

Loo! Papo hapo dada mkubwa wa Pindo alikuwa anakunja kona, kajitanda kanga mpya. Akasimama ghafla.

— Nani kanuna?

— Si wewe, dada! Pindo akaruka. Ni wifi ya... ya hewani.

— Wifi wa nyumba hii ni mimi. Nimekuja na miguu yangu kumwona mjukuu, hata sijabisha hodi nimeshanuna?

— Ya kwenye kisanduku, dada, akasema Waya. Imekatika.

Dada akashusha pumzi, akapewa kahawa, akapiga funda. Macho yake yakaufuata ule waya wa birika mpaka dirishani.

— Hivi, birika hili mmelichomeka wapi?

Waya akamtazama Mahakama. Mahakama akamtazama Moto. Moto akaitazama kahawa.

— Nyuma ya pazia, akasema kwa kunong'ona. Kulikuwa na kijisanduku cheusi, nikaona hakina kazi, nikakichomoa...

— Hakina kazi! Pindo akapiga ukelele. Si ndicho kinacholeta intaneti kutoka barabarani!

Alikimbia mpaka tepu ikabaki mlangoni. Birika likanyamaza. Wakasubiri. Kisha simu ikalia ndani, na mkewe akapaza sauti:

— Wifi! Wifi, njoo haraka!

— Yupi sasa? akauliza Mahakama, lakini dada alikuwa ameshaingia, na wao nyuma yake.

Kwenye kioo kulikuwa na uso mdogo kama ngumi. Pindo akasogeza uso amsalimie. Mtoto akamkazia macho babu yake, akakunja uso, akabetua mdomo.

— Mungu wangu, akasema mkewe, hata hakuwahi kujizuia. Wifi mtupu!

Dada ndiye aliyeanza kucheka.