Kaka Yetu Msakristia na Bakuli la Majivu

Baba Paroko, masista, wanajumuiya, majirani na ndugu wote: karibuni mketi. Anayesoma ni mdogo wake marehemu, seremala aliyetengeneza mabenchi mliyokalia. Marehemu alinichagua mwenyewe nisome, akaweka sharti moja: la majivu nisiliruke. Nitalifikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yetu alikuwa seremala na mama alikuwa mshonaji. Alibatizwa Jumapili ya tarehe 26 mwezi huohuo, na mama alituambia kwamba alilia tangu mlangoni hadi baraka ya mwisho. Ilikuwa mara yake ya mwisho kupiga kelele kanisani.

Alisoma shule ya msingi ya parokia kuanzia 1959 hadi 1965. Hesabu alizipenda, kuimba hakukuwezekana. Mwalimu wa kwaya alimwomba kwa heshima zote awe anafungua mdomo bila kutoa sauti, naye akatii. Baadaye alijifunza ufundi bomba, na mwaka 1971 akaajiriwa hospitali, alikofanya kazi miaka thelathini na mitano. Wauguzi walimfahamu kwa kitu kimoja: akishaziba bomba, alikaa dakika kumi nzima kwenye ndoo iliyopinduliwa, akilitazama kama litavuja tena.

Ndoa alitaka kuifunga Machi 1976. Paroko wa wakati huo akamwambia, "Kijana, hii ni Kwaresima. Subiri." Shemeji yetu anasema hajawahi kuona mtu akifunga kwa hasira kiasi kile. Walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 24 Aprili, siku sita baada ya Pasaka, na wakaishi pamoja miaka arobaini na saba na miezi kumi.

Usakristia aliuanza mwaka 1983, kazi ya kujitolea. Alipanga mavazi, akajaza mafuta kwenye taa, akafunika sanamu kwa vitambaa vya zambarau alivyoshona mama. Kila mwaka, kabla ya Jumatano ya Majivu, alikusanya matawi makavu ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, akayachoma nyuma ya kanisa na kuyachekecha mara tatu. Hakumwachia mtu kazi hiyo, isipokuwa mara moja.

Ilikuwa tarehe 25 Februari 2009. Asubuhi hiyo shemeji alishikwa na homa kali, marehemu akampeleka hospitali. Bakuli alimwachia mdogo wake na kumwambia, "Chekecha tu. Usiongeze kitu." Mdogo wake akaona majivu yanapeperuka, akajifanya fundi kuliko fundi: akatia maji ili yashike vizuri. Majivu mapya yakikutana na maji huwa makali kama magadi na huchoma ngozi. Hadi saa sita mchana parokia nzima ilikuwa imeshika mapaji ya uso. Mwalimu mkuu alivaa kofia wiki mbili. Wengine mliopo hapa bado mna alama ndogo, na najua mnaigusa sasa hivi.

Ijumaa, baada ya Njia ya Msalaba, halmashauri ya parokia ikauliza ni nani aliyeyaharibu majivu. Mdogo wake alikuwa benchi la tatu, akajifanya anakagua msumari. Marehemu akasimama na kusema, "Sakristia ni yangu, kosa ni langu." Alinyang'anywa funguo hadi Pasaka, akapewa jina la Mzee Majivu, na jina hilo limemfuata hadi kwenye kipaza sauti cha leo. Mdogo wake huyo ni mimi. Niliona aibu wakati ule, na naona aibu sasa.

Hakunigombeza hata siku moja. Ila kila Kwaresima nilipomwambia nimeacha nyama, nimeacha sukari, aliniuliza, "Na kunyamaza, utakuacha lini?" Nami nikamjibu, "Mwaka huu, kaka." Nilimjibu hivyo Kwaresima kumi na nne.

Novemba mwaka jana figo zake zilianza kushindwa. Alilazwa mara mbili, kisha akaomba arudi nyumbani. Jumatano ya Majivu, tarehe 14 Februari mwaka huu, paroko alinituma nimpelekee majivu kitandani. Alichungulia kibakuli kwanza.

"Makavu?"

"Makavu, kaka."

Nikampaka, kisha nikashindwa kujizuia, nikalia. Nikamwambia Jumapili inayofuata nitasimama kanisani niseme ukweli.

"Jumapili utapata sababu," akasema. "Nakujua. Sema siku ya mazishi yangu. Watu wote watakuwa wamekaa, na hakuna anayetoka katikati ya wasifu. Hata wewe hutaweza kutoka."

Akacheka hadi shemeji akaja kuuliza kuna nini. Alifariki Alhamisi, tarehe 7 Machi 2024, saa tano asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Dada yetu alikuwa akisali rozari, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye ile ndoo yake ya kazi.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, dada mmoja, na mdogo wake mmoja ambaye kuanzia leo ndiye Majivu. Naomba mniite hivyo. Yeye mrudishieni jina alilobatizwa nalo.

Kaka, nimesema. Wote wamekaa, na mimi sikutoka. Sasa upumzike kwa amani.