Akiba Ameinuka Kwenye Benchi

Leo ni Jumanne, tarehe 16 Septemba. Mwenzetu tunayemwita Akiba anastaafu leo baada ya miaka kumi na minane ya kucheza tenisi ya kulipwa, ile ya ngazi ya chini ambayo haionyeshwi kwenye televisheni. Mimi ninayeandika ni mfagiaji wa viwanja hapa klabuni, na huu ni mwaka wangu wa tisa tangu nitoke nyumbani.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasifu wa mchezaji unaandikwa na mfagiaji. Nami nilimuuliza katibu wa klabu hivyo hivyo. Alinijibu kwamba alitafuta mtu aliyefanya kazi pamoja na Akiba, akakosa. Fundi akistaafu, mafundi wenzake watasimama waseme. Mwalimu akistaafu, walimu wenzake wapo. Lakini wenzake Akiba ndio haohao aliotakiwa kuwashinda, na wakishashindwa hufunga mizigo wakaenda zao. Katibu akasema, "Wewe umemwona kila Septemba. Andika." Shule niliiachia darasa la saba, kwa hiyo nimemwomba anisahihishie herufi tu, maneno ayaache kama yalivyo.

Akiba alikuwa akija kwetu wiki moja kwa mwaka, wiki ya mashindano. Wiki nyingine alikuwa miji mingine, kila wiki mji wake, na begi la raketi, viatu vya kuchezea na sufuria ndogo ya umeme ambayo mpini wake aliufunga kwa utepe wa raketi. Aliwahi kuniambia kwamba anaijua miji mingi kwa stendi zake na kwa viwanja vyake, ila katikati ya stendi na uwanja hajui kuna nini.

Jina lake la utani alilipata hapa, na asili yake ni hii. Mchezaji wa ngazi yake haingii mashindano moja kwa moja. Kwanza anapita kwenye mchujo. Akishindwa kwenye mchujo anaruhusiwa kujiandikisha kuwa mchezaji wa akiba: mtu akiugua au asipofika, yeye anaingia. Sharti lake ni kwamba awepo kila asubuhi kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, amevaa, tayari. Wengi hawana subira hiyo, hupanda basi jioni ileile. Yeye alikaa. Ile benchi ya mbao karibu na ofisi ya katibu ilikuwa kama kiti chake cha urithi. Amefunga kamba za viatu, begi miguuni, macho kwenye geti.

Mama anayetufulia mashuka na mataulo, ambaye sote tunamwita Mama Mashuka, kila akipita na beseni lake alimwambia, "Akiba haiozi, mwanangu." Naye alijibu, "Haiozi, mama, lakini magoti yameshaanza kushika kutu." Jina likabaki hapo.

Mwaka mmoja mchezaji fulani aliteguka kifundo cha mguu asubuhi wakati wa kupasha misuli. Kama angejitoa, Akiba angeingia. Yule mtu akaja anachechemea mpaka kwenye benchi, akauliza kama kuna mwenye bendeji. Akiba alifungua begi lake, akampaka dawa ya kuchua, akamfunga mguu vizuri kama mkunga anavyomfunga mtoto. Yule mtu akacheza, tena akashinda. Akiba akabaki pale pale benchi. Tulimcheka wiki nzima, tukamwambia ameifunga nafasi yake kwa bendeji yake mwenyewe. Aliniuliza tu, "Sasa ningeingia kwa mguu wa mtu?"

Kuna siku tulikuwa tunatazama tenisi kwenye televisheni ya kantini, mashindano makubwa, mmoja wa wachezaji ni mtu maarufu sana. Akiba alimtazama kwa muda, akasema kwamba huyo bwana aliwahi kuazima taulo lake na hakulirudisha. Tukadhani ni mzaha. Baadaye ndipo tukafahamu kwamba waliwahi kucheza pamoja ujanani, na Akiba ndiye aliyeshinda siku ile. Taulo ndilo lililomkaa rohoni.

Chumba chake kilikuwa kile cha nyuma ya dobi, chenye dirisha dogo linalotazama kamba za nguo. Alifunga uzi wa raketi kutoka dirishani hadi mlango wa kabati, akaanika soksi zake, ambazo hata zifuliwe vipi zilibaki na wekundu wa udongo wa viwanja. Televisheni ya humo aliiwasha akiingia na kuizima akitoka. Nilimkuta siku moja anafunga nyuzi za raketi huku mtangazaji anaongea, nikamuuliza ni habari gani hiyo. Alisema hajui, hakuwa anasikiliza. Alitaka tu pawe na watu wanaoongea chumbani.

Sikumwelewa mpaka nilipofagia hapa miaka kadhaa. Mwanzoni mwa wiki ya mashindano klabu inajaa. Foleni ya bafu, kelele kantini, mtu anaimba, mtu anagombana na simu. Kesho yake nusu wameshindwa, wameondoka. Keshokutwa nusu ya waliobaki. Kazi nyingi ukizifanya vizuri watu wanakuzunguka. Hii ukiifanya vizuri, kila siku meza ya chakula inapungukiwa na watu, mpaka unabaki unakula peke yako na kusikia kijiko chako mwenyewe. Ukishindwa nako unapanda basi peke yako. Nilimuuliza kipi ni afadhali. Akasema afadhali ya kijiko, basi linamtia kichefuchefu.

Lililomweka kwenye kazi hii miaka yote ni kabati la mama yake. Alipoondoka nyumbani akiwa kijana, mama yake alisafisha sehemu ya juu ya kabati la sebuleni, akatandika kitambaa alichokifuma mwenyewe, akamwambia kikombe chake cha kwanza cha ushindi kitakaa pale. Akiba akaapa kwamba hatarudi kukaa mpaka akilete. Alikuwa akienda kusalimia, siku chache, kisha anaondoka tena kabla ya watu kuanza kuuliza. Kila akipiga simu alipataja mahali hapo. "Mwaka huu ushindi uko karibu, mama, usiweke kitu pale." Lakini kikombe hakikuja. Nusu fainali aliwahi kufika, huko na huko. Fainali, kabla ya mwaka huu, hakuwahi.

Mimi nilimwelewa. Nami nina nyumba ninayoijenga kwetu, na kila mwaka nasema nitarudi ikishapigwa dari. Tulikuwa tukikaa kwenye benchi ile, yeye na kikombe chake, mimi na dari yangu, tunaambiana mwakani.

Mwaka huu alikuja akiwa ameshawaambia ofisini kwamba ni mara ya mwisho, goti limekataa. Akashindwa kwenye mchujo kama kawaida, akakaa benchi kama kawaida. Asubuhi ya siku ya kwanza mchezaji mmoja akaugua tumbo. Katibu akatoka mlangoni, akamwita. Akiba aliinuka taratibu sana, akamtazama katibu kama mtu aliyeitwa jina la mwingine.

Akashinda siku hiyo. Akashinda iliyofuata. Mama Mashuka akaanza kuacha beseni lake ili aje asimame kwenye uzio. Ijumaa akashinda tena, goti limefungwa mpaka linafanana na mkate. Jumamosi akashinda nusu fainali, na jioni kantini zilibaki meza mbili zenye watu: kwenye moja kijana atakayecheza naye fainali, pamoja na kocha wake na baba yake, wanacheka. Kwenye nyingine Akiba. Mimi na Mama Mashuka tulichukua sahani zetu tukaenda kukaa kwake. Alituuliza kama tunajua kikombe cha hapa kina urefu gani. Mama Mashuka, ambaye hukipangusa vumbi kila mwaka, akamwonyesha kwa mikono. Akiba akaitazama ile mikono kwa makini, akasema kitatosha.

Asubuhi ya fainali mchezaji anahitaji mtu wa kumrudishia mipira ili mkono upate moto. Siku nyingine wapo tele. Siku ya fainali wamebaki wawili, na si desturi wapashane misuli wao kwa wao. Kijana alikuwa na kocha wake. Akiba alikuwa na ukuta wa stoo. Nilimkuta anaupiga, plasta inamwagika. Nikaweka ufagio chini, nikamwomba raketi moja.

Nisidanganye. Miaka tisa nimefuta alama za mipira ya watu kwenye udongo, na asubuhi ile niliweka zangu kila mahali isipokuwa ndani ya mistari. Mmoja uliruka uzio ukatua kwenye mashuka yaliyoanikwa. Mama Mashuka akatoka ameushika kwa vidole viwili, akauliza nani. Akiba akaninyooshea raketi. "Nilijua," akasema Mama Mashuka. "Huyu mwenye kazi yake hawezi kukosa uwanja mzima." Akiba alicheka mpaka akainama kushika goti. Mkono wake ulipata moto kwa kukimbilia mipira yangu kuliko ambavyo ungepata kwa kocha yeyote.

Watazamaji hawakujaza hata jukwaa dogo. Seti ya kwanza alishinda Akiba, ya pili kijana. Katika ya tatu Akiba alifika mahali ambapo alibakiza pointi moja tu ashinde. Kikombe kipo mezani kando ya wavu, kinang'aa. Mimi niko pembeni nimeshika mkeka wa kuburuta udongo. Akiba aliupiga mpira vizuri, kijana akaurudisha kwa ncha ya raketi, mpira ukagonga ukingo wa juu wa wavu, ukapanda, ukaangukia upande wa Akiba, karibu kabisa na wavu. Alianza kuukimbilia. Goti likabaki nyuma.

Baada ya hapo kijana alifufuka, na Akiba hakupata nafasi nyingine kama ile. Alimpa mkono yule kijana, akapigwa picha na sahani ya kioo ambayo hupewa mshindi wa pili. Halafu alinijia, akauchukua mkeka mikononi mwangu. Miaka yote alikuwa na tabia ya kufagia upande wake mwenyewe akimaliza kucheza, ingawa hakulazimika. Jumapili alifagia pande zote mbili, anachechemea, mpaka uwanja ukawa kama haukuchezewa na mtu. Kona alizikosea. Nilizipitia alipoondoka.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya dobi, barafu gotini. Mikono yake imelowa, kwa hiyo simu aliiweka chini na sauti ikawa ya wazi, mimi na Mama Mashuka tukasikia. Alimwambia mama yake kwamba kikombe hakukipata tena. Amepewa sahani. Mama yake akauliza kwanza kama amekula. Kisha akasema, "Basi ilete. Sahani ina kazi kuliko kikombe."

Akiba akasema kwamba aliahidi kitu cha pale juu ya kabati.

"Pale juu ya kabati pana redio, mwanangu. Siku nyingi."

Akiba akauliza tangu lini.

"Tangu ile ya zamani ilipokufa nikanunua kubwa. Ukija husalimii hata ukuta, unataka kuondoka, utaionaje? Na kwenye simu ulikuwa unapataja sana, nikaona ndipo unapopatia nguvu. Ukija na kitu tutakitafutia mahali. Ukija mikono mitupu, nayo tutaitafutia mahali. Unakuja lini?"

Barafu ilikuwa imeteleza chini. Akiba alianza kucheka, kicheko cha chini kabisa, na kilipokwisha alikuwa bado ameinamia simu. Mama Mashuka aliingia ndani kukunja mashuka ambayo nilijua ameshayakunja. Akiba akasema, "Nakuja wiki hii, mama. Nakuja kukaa." Mama yake akamwambia asisahau kula.

Kwao shemeji yake ana duka la rangi na misumari, amemwambia kuna kazi. Akiba anasema hajui misumari, ila kukaa na kusubiri mteja hilo amesomea.

Kwa niaba ya ofisi, ya dobi, ya kantini na ya viwanja vyote vinne, tunakushukuru, Akiba. Ulisafisha ulipochezea, ulirudisha kila ulichoazima, na hukumwombea mtu mabaya ili upate wewe. Benchi tutaipaka rangi, hatutaiondoa. Tunakuombea meza yenye watu wengi, wasioinuka kwa kuwa umeshinda wala kwa kuwa umeshindwa. Safari njema, ndugu yetu, ukae karibu na dirisha, basi lisikusumbue.

Mimi nabaki mpaka viwanja vifungwe mwishoni mwa Novemba. Jumapili ileile nami niliomba simu, nikapiga nyumbani. Dari bado haijapigwa. Nimewaambia nakuja hivyo hivyo, wanitegemee wiki ya kwanza ya Desemba.