Mama Nukta, Karani wa Pesa za Telegramu

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa pili wa mpiga kengele wa stesheni. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana, kisha sekondari ya wasichana hadi kidato cha nne.

Mwaka 1968 aliajiriwa posta. Watu walipotumiwa pesa kwa telegramu kutoka miji mingine, yeye ndiye aliyepokea taarifa na kuwalipa dirishani. Alizoea kusoma telegramu kwa sauti, nukta zake zote, ndiyo maana mkamwita Mama Nukta. Na kwa kuwa kila neno la telegramu lililipiwa, naye akawa mchoyo wa maneno. Baba, fundi saa, alipomwandikia kurasa nne za mapenzi, alimjibu: "Njoo umwone baba." Walifunga ndoa tarehe 5 Agosti 1972.

Jambo lifuatalo aliagiza lisifichwe. Mwaka 1979 jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa akisubiri nauli kutoka kwa mumewe ili akamwone mama yake aliyekuwa mahututi. Mjomba, kaka yake Mama, alizipata habari hizo, akaenda dirishani.

"Fundi kanituma. Mguu unamsumbua."

"Aje mwenyewe, kaka."

"Yaani mimi, wa tumbo moja, huniamini?"

Akamlipa. Mchana fundi akaja na mkoba wa safari. Mama alishindwa kumtazama.

"Zimefika," alisema. "Nimempa kaka yangu."

Majirani walipomaliza kuchangishana nauli nyingine, treni ilikwisha kuondoka. Fundi alifika kwao akakuta mama yake ameshazikwa.

Siku ileile aliyomlipa kaka yake, Mama alijisema kwa mkuu wa posta. Alikatwa mshahara hadi pesa zikarudi, akahamishiwa chumba cha kupanga barua, na huko ndiko alikostaafia mwaka 2003. Mjomba alitoweka. Mama akawa anapita njia ya nyuma asikutane na fundi, na sisi watoto tukiuliza, anaongeza mwendo.

Novemba 2018 figo zilimshinda, akalazwa. Fundi akaja wodini tukiwapo, akavuta kiti. Mama alijifunika shuka hadi kichwani.

"Miaka yote unapita nyuma, nakuona," fundi alisema. "Kila mara nasema leo namwita. Naona aibu."

"Aibu yako ya nini? Mkosaji ni mimi."

"Ulikuja kuniomba radhi, nikakufungia mlango."

Mama akafunua uso. Wakashikana mikono mpaka muuguzi akaja kututoa.

Alifariki tarehe 11 Januari 2019, alfajiri. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na fundi, ambaye tunamwomba aketi pamoja na familia. Amemwacha pia Mjomba, aliyerudi juzi. Mwenyewe aliomba atajwe mwisho, nasi tumemtaja.

Mungu ampe Mama pumziko la amani.