Irambona Telesfori, Aliyefungua Njia ya Mtoni

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu waombolezaji, poleni na msiba. Mimi ni Novatus, mdogo wake marehemu. Familia imenipa jukumu la kueleza jinsi dada yetu Irambona alivyoishi.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1995 Murusagamba, wilayani Ngara, mtoto wa kwanza wa Mzee Telesfori na Mama Nyirabahizi. Mwaka 2006 familia ilihamia hapa Nyakahura, wilayani Biharamulo, kutafuta ardhi ya kulima.

Elimu ya msingi aliianza Murusagamba, akaimalizia hapa mwaka 2009. Siku ya kwanza katika darasa jipya alimwambia mwalimu kwa lafudhi ya Ngara, "Jana tumerara njiani." Darasa zima likacheka. Naye akacheka, akawauliza, "Kwani ninyi mlirara wapi?" Alimaliza kidato cha nne mwaka 2013, akasomea uashi. Wengi wenu mnaishi katika nyumba alizozijenga.

Kiangazi cha mwaka 2018 kilikuwa kikali. Tarehe 17 Julai ng'ombe wa Mzee Shibuda waliingia kwenye maharage ya bondeni ya baba yetu mdogo, Frednand. Akawakamata, akawafungia kwake. Kufika mchana wafugaji walikuwa wamejikusanya kwa fimbo na mikuki, wakulima kwa mapanga. Wazee wakatuita sisi vijana tutangulie mbele. Irambona akagoma.

"Baba mdogo, tukishakatana, maharage yatarudi?"

"Toka hapo, binti! Hawa wametuzoea."

Hakurudi nyuma. Alivuka peke yake uwanja uliotutenganisha na wafugaji, mikono mitupu. Upande wa pili William, mwana wa Mzee Shibuda, alimpokea kwa hasira.

"Ng'ombe wana kiu. Njia ya mtoni mmeilima yote. Ulitaka wapite angani?"

"Nionyeshe ilipopita," akajibu.

Vijana wachache wa kila upande waliongozana nao. William alisema kweli: njia ilikuwa imemezwa na mashamba, na lililoiziba zaidi lilikuwa letu. Migomba ya baba ilisimama katikati yake.

Nyumbani Irambona hakuficha. "Baba, ni sisi tumeziba."

"Uking'oa hata mgomba mmoja, usiniite tena baba."

Alilia, lakini hakunyamaza. Aliyasema hayo hayo kwenye mkutano wa kijiji, baba akiwa ameketi mbele yake. Frednand akawaachia ng'ombe, kina Shibuda wakakubali kumsaidia kupanda upya, na kijiji kikaamua njia ifunguliwe. Vijana wa pande zote mbili walipofika na majembe, walimkuta baba amesimama kwenye migomba, panga mkononi. Hakuna aliyethubutu kusogea. Baba alimtazama binti yake. Kisha akageuka, akaukata mgomba wa kwanza yeye mwenyewe, akaondoka. Hawakuzungumza tena mpaka Krismasi.

Vijana walipanda minyaa iwe ua kandokando ya njia, na Irambona akasimamia ujenzi wa birika la kunyweshea, ili ng'ombe wasikanyage bonde.

Tarehe 23 Novemba 2019 alifunga ndoa na William. Wapo waliosusia harusi hiyo, wa huku na wa kule. Baba hakususia. Walijaliwa watoto wawili, Aline na Celestini.

Januari 2024 alianza kuchoka na kuvimba miguu, akagundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Alitibiwa Biharamulo, kisha Mwanza. Mwezi uliopita alisikia kwamba ng'ombe wameingia tena bondeni na vijana wanatishiana. Akatuita, wakulima na wafugaji. Hakuweza kukaa bila kuegemezwa.

"Njia mmeikagua?" akauliza.

Tukakiri kwamba hatujaikagua.

"Kaikagueni kwanza. Mapanga hayaozi, yatasubiri."

Alifariki dunia alfajiri ya tarehe 6 Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka thelathini.

Ameacha mume, watoto wawili, wazazi wake, wakwe zake, na sisi wadogo zake, Novatus na Diane.

Vijana wenzangu, ugomvi wa bondeni haujaisha, na yeye hayupo tena wa kuvuka uwanja. Baba ameomba tukutane kesho asubuhi kwenye njia, wa pande zote, bila silaha. Amesema atatangulia yeye.

Irambona, dada yetu, Mungu akupokee na kukupumzisha kwa amani.