Landrova ya Sifael na Kona ya Jiwe

Mbele ya geti la hospitali pale Same kuna benchi la ubao mmoja mrefu lililolazwa juu ya mawe mawili, na juu ya ubao huo dunia nzima hutengenezwa kila asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Upepo wa tambarare ukivuma, huwapiga wote vumbi bila kujali nani mzee nani kijana. Bi Fadhila hukaa mwisho wa benchi na birika lake na sinia la kashata, anamimina, anasikiliza, anaguna. Siku hiyo Sifael aliegesha Landrova yake kuukuu mbele yao, akashuka, akasalimia, akakaa, akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Na mtu akishika kichwa mbele ya kijiwe, basi lolote litakalompata amejitakia.

— Imezima tena? aliuliza Mzee Kilometa.

Huyu jina lake la ubatizo ni Erasmo. Alikuwa kondakta wa mabasi ya Dar na Moshi enzi zile, na mpaka leo kila kitu anakipima kwa barabara. Ndoa yake mwenyewe, anasema, imefika Korogwe.

— Imezima Mbaga, ikazima tena kabla ya Mwembe, alisema Sifael. Na Dorkas anatoka leo. Dokta kashamruhusu, yeye na mtoto.

— Hongera sana, mwanangu! Sasa kichwa unashikia nini?

— Kasema hapandi.

Na kweli alisema. Wiki iliyopita, Sifael akimteremsha na uchungu umeshika, Landrova ilizima kwenye Kona ya Jiwe, pale ambapo mkono mmoja ni ukuta wa mlima na mkono wa pili hakuna kitu, ukichungulia unaona mapaa ya nyumba za watu. Dorkas alishikilia mlango akaimba pambio lote mpaka mwisho. Injini ikawaka, wakafika, akapasuliwa, mtoto wa kike akatoka mzima. Lakini alipozinduka tu akaapa kwamba yeye na mwanawe hawatapanda tena lile dude. Sasa aende na nini? Basi la mlimani linajaa magunia ya tangawizi mpaka mlangoni, na bodaboda na mshono wa tumbo havipatani. Huko nyumbani Mamba, juu mlimani, mama mkwe kashabandika makande, kashaita majirani. Sifael aliogopa kiapo cha mkewe, lakini aliogopa zaidi kwamba mkewe ana haki. Gari likizima wakati linapanda mlima, linarudi nyuma, na nyuma ya Kona ya Jiwe hakuna pa kurudi.

— Hiyo ni koili, alisema Injinia.

Injinia ni Vitus. Shule ya uinjinia hajaiona hata geti, ila mkandarasi alipokuwa anajenga barabara yeye alishikishwa fimbo ya kupimia, na tangu hapo cheo kikamng'ang'ania.

— Koili ikipata moto, umeme unachoka. Ikipoa, umeme unarudi. Sayansi hiyo.

— Nilibadilisha koili, kaka. Pale pale barabarani, ilipozima.

— Ikawaka?

— Ikawaka. Kesho yake ikazima.

— Si unaona? Iliwaka! Basi koili ndiyo yenyewe. Hiyo ya pili nayo itakuwa mbovu.

— Unazingua, Vitus, alidakia Mzee Kilometa. Koili wapi? Petroli inachemka. Joto la huku chini likipiga kwenye pampu, petroli inageuka mvuke, na mvuke hauendeshi gari. Sifael, si nilikwambia ufunge kitambaa chenye maji kwenye pampu?

— Nilifunga, mzee. Ilizima, nikafunga, ikawaka.

— Umesikia, Injinia? Ikawaka! Haraka haraka haina baraka.

— Sasa methali hiyo inaingiaje hapo?

— Inaingia kwa sababu ni ya kweli.

— Basi nijibu hili. Juu kule Mbaga mtu anavaa sweta. Petroli inachemshwa na nini?

Mzee Kilometa alipuliza kahawa yake polepole. Mtu mzima hakosi pa kukimbilia.

— Hiyo ni petroli ya tambarare, alisema. Imenunuliwa Same, imekulia Same. Unaipandisha milimani ghafla bila kuizoesha. Hata mtu wa Makanya ukimpandisha Mamba anahema. Petroli nayo inakosa pumzi.

— Acha chai, mzee, hapa tunakunywa kahawa!

Benchi likacheka. Sifael hakucheka. Alitazama geti la hospitali, akaona watu wanatoka na vyandarua na ndoo zao, kila mtu na wa kumpeleka nyumbani. Fundi wa gereji alishasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akaliendesha gari mpaka stendi na kurudi akasema ni zima. Na ni kweli, mjini halizimi. Linangoja barabara ndefu, linangoja mlima, ndipo linamwaibisha.

— Nyote mnapiga ramli, alisema Gideoni, ambaye wanamwita Nabii kwa sababu mwaka mmoja alisema mvua itanyesha Alhamisi na ikanyesha. Tatizo liko kwenye ile kona. Wazee wetu hawakupita pale bila kusalimia. Wewe unapita na honi na redio. Nilikwambia nini?

— Uliniambia nifunge kwenye bampa jani la sale, lile la wazee la kuombea radhi.

— Ukafunga?

— Nilifunga. Ilizima, nikaomba radhi mbele ya watu, aibu nikaiona.

— Ikawaka?

— Ikawaka, alikiri Sifael kwa sauti ndogo.

— Mficha uchi hazai! alipaza sauti Nabii.

— Na hiyo nayo inahusiana nini na Landrova? Injinia aliuliza.

— Mkewe kazaa au hajazaa?

Hapo hata Bi Fadhila aliweka birika chini ili acheke vizuri. Injinia, kuona Nabii anachukua uwanja, akapandisha dau. Akasema kuna mnara mpya wa simu kule juu, na mnara ule unanyonya umeme wa plagi. Ndiyo maana mtandao Mamba uko vizuri siku hizi. Mzee Kilometa akasema hapana, gari limechoka tangawizi, maana hata yeye akikaa na tangawizi siku nzima kifua kinambana. Nabii akainua kidole.

— Sifael, ilianza kuzima lini?

— Tangu masika.

— Na mimba ilikuwa imeshajulikana?

— Imeshajulikana.

— Kabla ya hapo gari ulikuwa unaiosha mara ngapi?

— Kila Jumamosi.

— Na baada ya hapo?

Sifael akafikiri. Ni kweli, tangu Dorkas aanze kutapika, Jumamosi zake alikuwa anateka maji.

— Wivu huo! alitangaza Nabii. Gari inamwonea mkeo wivu. Mpe talaka mmojawapo.

— Astaghfirullah, alisema Bi Fadhila. Shikeni adabu, huyo hapo anakuja.

Dorkas alikuwa anavuka barabara polepole, mkono mmoja tumboni, mtoto kafunikwa ndani ya kitenge, muuguzi nyuma yake kabeba beseni na mkoba. Benchi zima likasimama. Nabii alifuta ubao kwa kofia yake.

— Hongera mama! Pole na hongera!

— Asanteni. Shikamooni.

— Marahaba, marahaba. Keti hapa, mama, keti taratibu.

Aliketi kwa uangalifu. Bi Fadhila akasema kahawa si ya mzazi, akammiminia uji kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. Dorkas akanywa, akaitazama Landrova kama mtu anavyomtazama shemeji mlevi, kisha akamtazama mumewe.

— Mmeshapata ugonjwa wake, Baba Eva?

Sifael akashtuka. Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo. Moyo ulimjaa, akasahau swali. Wengine ndio waliojibu, wote kwa pamoja: koili, mvuke, kona, mnara, tangawizi. Ya wivu hakuna aliyethubutu kuitaja. Kila mmoja akaapa kwamba dawa yake ilijaribiwa na gari likawaka. Dorkas alisikiliza mpaka wakaishiwa.

— Siku ile kwenye kona, alisema, mimi nilikuwa naimba lakini macho yalikuwa wazi. Baba Eva, kabla hujafanya chochote, si ulikwenda ukachovya fimbo kwenye tanki?

— Nilichovya. Geji imekufa. Ikizima lazima nione kwanza kama mafuta yapo.

— Na siku ya koili?

— Nilichovya kwanza.

— Ya kitambaa? Ya jani la sale?

— Kila siku, mama. Kila ikizima nachovya fimbo kwanza.

— Haya. Ukifungua ule mfuniko inalia pssss, kama mtu aliyekabwa anavuta pumzi. Ule mlio ni wa nini?

Mzee Kilometa alipuliza kikombe kisicho na kahawa. Injinia akatazama mnara wa mbali kama anayetarajia usaidizi. Nabii akaona kashata yake ina kasoro, akaikagua. Ilipita bodaboda, likapita lori la jasi kutoka Makanya, vumbi likawafunika.

— Mimi kopo la maziwa natoboa matundu mawili, alisema Bi Fadhila taratibu. Moja la kutolea maziwa, moja la kuingizia hewa. Ukitoboa moja tu, yanatoka kidogo halafu yanagoma.

Sifael alikwishainuka. Alikwenda kwenye tanki, wote nyuma yake, hata muuguzi na beseni lake. Mfuniko ulikuwa umezungushiwa ukanda wa mpira wa tairi, umekazwa barabara, na katikati yake, mahali penye kitundu kidogo, palikuwa na sabuni ya mche iliyokauka ikawa kama chokaa.

— Nani kaziba hapa? aliuliza muuguzi.

Ni mimi, Sifael alitaka kusema, lakini haikuwa yeye peke yake. Masika ile, kwenye miteremko petroli ilikuwa inaruka kutoka kwenye mfuniko na kulowesha magunia ya tangawizi aliyobeba, na wanunuzi wakaikataa tangawizi yenye harufu ya petroli. Alikuja kulia hapa hapa kijiweni. Kikao kikakaa. Injinia alikichungulia kile kitundu akasema ni kutu imetoboa. Mzee Kilometa akatoa fomula ya sabuni, Nabii akauleta ukanda wa mpira kutoka kwake na kuukaza kwa mikono yake. Tangawizi ikanukia vizuri, wanunuzi wakarudi, na tanki likaanza kukabwa koo kila safari ndefu mpaka injini inakosa mafuta, hadi mfuniko ufunguliwe kwa kuchovya fimbo, ndipo linavuta pumzi.

Wakatazamana.

— Tanki lazima lipumue, alisema Injinia. Jambo la wazi hilo. Nilikuwa nangojea mlifikie wenyewe.

— Mimi nilisema inakosa pumzi! alifoka Mzee Kilometa. Mashahidi mpo!

Sifael hakuwa na muda nao. Alichokonoa sabuni kwa waya mpaka akaona mwanga upande wa pili, akaukata mpira kwa kisu cha Bi Fadhila, akautupa. Petroli ya kuruka atajua ataifanyaje. Magunia yatapanda upande mwingine. Akarudi kwa mkewe, akachuchumaa mbele yake.

— Mama Eva, najua umeapa.

— Niliapa nikiwa na dawa ya usingizi kichwani, alisema Dorkas. Twende. Ikizima nashuka, natembea.

Wakampandisha kama yai. Walipoondoka, kijiwe kilikuwa kimeshaanza kesi mpya, nayo ni nani hasa aliyeitibu Landrova. Nabii alidai bila jani la sale mama mzazi asingefunuliwa swali lile. Wangeendelea mpaka magharibi, ila Bi Fadhila aliliinamisha birika, likatoa machicha tu, akawaambia kikao kimefungwa.

Landrova ilipita Mwembe ikinguruma. Ikapanda Mbaga. Hewa ikawa ya baridi, Dorkas akamvuta mtoto kifuani, na kabla ya Kona ya Jiwe wote wawili walikuwa wamelala. Sifael alizima redio. Akaingiza gia ya kwanza, masikio yote kwenye injini. Jiwe likaja, likakaa ubavuni, upande wa pili mapaa ya watu yakaonekana chini kabisa, na injini ikaendelea kuimba wimbo wake ule ule, haikukohoa, haikusita. Jiwe likabaki nyuma. Alipanda kona nyingine, na nyingine, akisubiri gari lizime, halikuzima. Furaha ilimjaa mpaka ikamuuma kifuani.

Dorkas akafumbua macho.

— Imezima?

— Haijazima. Kona tumeshapita zamani.

Akamtazama mumewe.

— Sasa unalia nini?

Sifael akajipangusa uso kwa mkono wa shati, akaingiza gia ya pili.