Gitaa la Kwanza Hushikwa Mpaka Tambuu Iishe

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mkae. Mvua ya leo haina haraka, nasi hatuna haraka. Kama chai ya rangi iko motoni, ipueni kwanza, mmimine, kisha mrudi hapa karibu na redio.

Leo tunamkumbuka Drosila Khongwir. Wengi wenu mnamjua. Ndiye yule mama wa duka dogo la magitaa kwenye mteremko wa Laitumkhrah, duka la mlango wa samawati. Wakubwa kwa wadogo walimwita Kong Drosila, kana kwamba alikuwa dada mkubwa wa mji mzima wa Shillong. Jumanne asubuhi ametuacha. Amekwenda kutafuna tambuu nyumbani kwa Mungu.

Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanaoanza wachague gitaa lao la kwanza. Hiyo tu. Akawasaidia watu wengi mno. Lakini yeye mwenyewe, wasikilizaji wapendwa, kwa miaka mingi hakuwa anapiga gitaa. Aliishi katikati ya magitaa kwa muda mrefu wa maisha yake, na mtu akimwomba apige kidogo, alicheka akasema, "Mkono wangu haukuumbwa kwa hayo." Tulidhani ni utani. Haukuwa utani.

Turudi nyuma, hadi kijijini kwao, chini ya Sohra, kule ambako mvua haiji kama mgeni, bali kama mwenye nyumba. Drosila alikuwa na miaka kumi na saba. Alitaka kitu kimoja: kupiga wimbo mmoja mbele ya watu wa kwao, kwenye mkutano wa kanisa baada ya mvua kwisha, aupige mpaka mwisho. Mama yake hakutaka kusikia. Mjomba wake Klesing ndiye aliyesema, "Mwache. Mimi nitampeleka mjini."

Wakatoka alfajiri. Kutoka kijijini hadi barabarani ni mwendo wa tambuu mbili. Unatafuna ya kwanza ukipanda ngazi za mawe, ya pili inakwisha ukiliona basi. Mjomba Klesing alikuwa amebeba popoo na chokaa katika mfuko wake wa kitambaa, na fedha amezifunga kiunoni.

Dukani Shillong kulikuwa na magitaa mengi ukutani. Drosila hakutazama mengine. Alinyoosha kidole kwenye moja kubwa jeusi, linalong'aa, lenye maua ya dhahabu yaliyochorwa kuzunguka tundu.

"Lile."

"Mbona hata kulishika hujalishika?" mjomba akauliza.

"Mjomba, lione lilivyo!"

"Naliona. Hata jogoo wa jirani namwona. Lakini simchukui nyumbani kwa sababu ya mkia."

Muuzaji akacheka, Drosila akanuna, na mjomba, kwa kuwa alimpenda, akanunua. Tukumbuke hilo, wasikilizaji wapendwa. Alilichagua kwa macho. Hakulishika.

Nyumbani ikawa kazi. Gitaa lilikuwa kubwa, bega lake la kulia likapanda juu kila alipolikumbatia. Nyuzi zilikaa mbali na shingo ya gitaa, na kila alipozibana vidole vilichubuka. Binamu zake wakamtania. "Dro, hilo gitaa au mlango wa zizi?" "Likubebe lenyewe, basi!" Naye hakuacha. Alifunga vidole vitambaa, akaendelea.

Kisha mvua zikaingia zenyewe. Nguo zikaota ukungu, viatu vikaota ukungu, hata kurasa za kitabu cha nyimbo zikagandamana. Sasa, sisi watu wa mvua tunajua jambo moja. Kitu kinachoogopa unyevu hupelekwa juu ya meko. Samaki wakavu wako pale uchagani. Nyama iko pale. Mahindi ya mbegu yako pale. Drosila akafanya kama alivyofundishwa na bibi zake wote. Akalifunga gitaa kamba, akalining'iniza juu ya moto, katikati ya samaki. Likakaa pale msimu mzima, akilishusha kila jioni kujifunza, akilirudisha kulala.

Siku ya mkutano ikafika. Jua limetoka, watu wamejaa nje ya kanisa, akina mama wameandaa wali na nyama ya nguruwe. Drosila akasimama na gitaa lake jeusi, likinuka samaki hadi safu ya nyuma. Watu wakaanza kutabasamu. Akakaza uzi mmoja, ili sauti ikae sawa. Akakaza mwingine.

Likalia. Pa! Kile kibao kidogo kinachoshika nyuzi juu ya tumbo la gitaa kiling'oka kizima, kikaruka, kikatua karibu na sufuria ya wali. Mtu mmoja akapaza sauti, "Samaki wako amekufa mara ya pili, Dro!" Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Alikimbia. Hakugeuka. Wala hakuona kwamba mtu mmoja hakucheka. Mjomba Klesing aliinama, akakiokota kile kibao, akakipangusa kwa kiganja, akakitia mfukoni na popoo zake.

Drosila alijiambia, "Mkono wangu haukuumbwa kwa hayo." Na neno hilo akalishika muda mrefu kuliko alivyolishika gitaa lenyewe.

Miaka ikapita. Nyumba ya mama ilirithiwa na mdogo wao wa kike wa mwisho, kama ilivyo desturi yetu, naye Drosila akahamia mjini. Akaolewa na Bah Mestarwel, yaani Kaka Mestarwel, seremala mpole aliyetengeneza magitaa yaliyovunjika. Wakafungua duka lile la mlango wa samawati. Mume nyuma na gundi zake, mke mbele na wateja.

Binti yao, Balinda, alituambia hivi: "Mama hakuweza kumwona mtu anachagua gitaa kwa macho. Alikuwa anaumwa kabisa. Angekuacha ununue sufuria iliyotoboka, lakini si gitaa lisilokufaa."

Ndipo akaanzisha ile kanuni yake. Ukiingia unataka gitaa la kwanza, alikukalisha kwenye kigoda. Akakupa tambuu. Akakupakatisha gitaa. Halafu akasema, "Lishike mpaka tambuu iishe. Usiponunua, umekula tambuu bure, hakuna ugomvi."

Tuwape kisa cha Bah Bansan, askari polisi, mtu mnene, vidole kama ndizi. Yeye mwenyewe ndiye aliyetusimulia, akicheka.

"Kong, nataka lile jeusi."

"Kwa nini?"

"Linapendeza."

"Hata mume wangu alipendeza. Sasa anakoroma."

"Nakusikia!" sauti ya Bah Mestarwel ikatoka nyuma.

"Sikia, baba, sikia. Wewe Bansan, kaa. Shika hili dogo. Bega limepanda? Halijapanda. Vizuri. Bana uzi hapa. Umeumia?"

"Kidogo, Kong."

"Kidogo ni halali. Ukiumia sana ujue nyuzi ziko juu mno, na wiki ijayo utaniletea gitaa na uongo kwamba huna nafasi. Sasa bana hapa katikati. Linakoroma kama mume wangu? Halikoromi. Mbele lina kovu, ndiyo. Kovu halipigi kelele. Unaishi wapi?"

"Mawlai."

"Jikoni kwenu kuna uchaga juu ya meko?"

"Upo."

"Utalitundika hapo?"

"Si ndipo pakavu, Kong?"

Hapo, anasema Bansan, yule mama aliacha kucheka. Akamshika mkono. "Mwanangu, samaki hana gundi. Gitaa lina gundi. Litundike ukuta wa ndani, mbali na moto, mbali na dirisha. Na usilitoe mvuani hata akikuita mfalme."

Aliwaambia hivyo wote. Manesi, wanafunzi, wachuuzi wa soko, mjane mmoja aliyetaka kujifunza ili nyumba isiwe kimya. Hakuna aliyejua kwa nini sauti yake ilibadilika kila alipofika kwenye habari ya meko.

Bah Mestarwel alipofariki, mjukuu wao Daiahun akaingia dukani kumsaidia bibi yake. Na siku moja, miaka minane iliyopita, mlango wa samawati ukafunguliwa na mzee mwenye fimbo. Alikuwa Mjomba Klesing. Meno yalikuwa yamekwisha, tambuu yake aliiponda katika kinu kidogo cha chuma alichotembea nacho. Alikuwa amekuja mjini kwa daktari wa macho.

Akakaa, akapewa chai. Akatia mkono katika mfuko wake wa kitambaa, akatoa kipande cha mbao nyeusi, akakiweka kwenye meza.

"Dro, chako hiki. Nimekitumia kukazia dirisha langu muda wote huu. Sasa daktari anasema macho yanafifia, nikaona nikurudishie kabla sijakipoteza."

Kong Drosila alikitazama. Akakijua papo hapo. Daiahun akasogea karibu.

"Bibi, nini hicho?"

Mjomba ndiye aliyesimulia, yote, hadi sufuria ya wali. Kisha akamgeukia mpwa wake. "Kigeuze upande wa chini. Wewe ulikuwa mke wa fundi. Niambie umeona nini."

Akakigeuza. Akapitisha kidole.

"Gundi imeyeyuka," akasema taratibu. "Mbao nzima. Haikuvunjika."

"Basi. Iliyoshindwa ni gundi. Mkono wako ulikuwa na kosa gani?"

Wasikilizaji wapendwa, yule mama aliwaeleza watu habari ya gundi na meko kila siku ya Mungu. Aliijua kuliko sote. Lakini hakuwahi kujielezea yeye mwenyewe.

Daiahun akavuta kigoda. "Bibi, kaa."

"Nikae nifanye nini?"

"Unataka gitaa la kwanza au hutaki?"

"Mimi mzee. Vidole vimekakamaa."

"Hukumwambia hivyo yule mjane. Kaa." Akamtilia tambuu mkononi. "Chagua."

Na mnajua alifanya nini? Alinyoosha kidole kwenye moja kubwa, jeusi, linalong'aa.

"Bibi! Unachagua kwa macho!"

"Mkia wa jogoo," mjomba akasema akiponda tambuu yake, na wote watatu wakacheka hadi machozi.

Akapakata la kwanza, bega likapanda. Akalirudisha. Akapakata la pili, nyuzi zikamuuma. Akalirudisha. La tatu lilikuwa dogo, la rangi ya asali, lenye mkwaruzo mrefu ubavuni, lililorudishwa na mteja aliyehama. Lilikuwa na nyuzi za nailoni, laini. Likamkaa mapajani kama paka. Akabana uzi. Akapiga. Akabana mwingine. Tambuu ikaisha, mjomba akamaliza chai, wateja wakaingia na kutoka, yeye bado ameshika.

Hakuwa fundi wa kupiga, tusidanganyane. Alijua mashiko matatu ya vidole, na kati ya moja na jingine ungeweza kunywa maji. Lakini kila alasiri Daiahun alimfundisha, na kila alasiri bibi alimlaumu mwalimu. Mwaka uliofuata, mvua zilipokwisha, wakashuka kijijini, chini ya Sohra, kwenye mkutano wa kanisa.

Uwanja ni ule ule. Mjomba Klesing alikaa mbele, na kinu chake. Kong Drosila akasimama na gitaa la rangi ya asali. Akaanza wimbo. Katikati vidole vikapotea njia. Akatazama watu, akasema, "Ngojeni kidogo, samaki bado mzima." Waliokuwepo zamani wakacheka, naye akacheka nao. Akatafuta shiko lake, akalipata, akaendelea. Akafika mwisho. Mbele pale, mjomba alikuwa ameacha kuponda.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Aliupiga wimbo mmoja mbele ya watu wa kwao, mpaka mwisho.

Alhamisi tulikwenda kumzika. Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Sisi wa redio tulipeleka kipaza sauti, tukidhani mji mzima utakuja na magitaa. Watu walikuja, wengi, kilima kizima ni miamvuli. Gitaa hata moja hatukuliona. Tukamuuliza Bah Bansan, "Lako liko wapi?" Akajifuta uso. "Nyumbani, ukuta wa ndani. Ningelileta kwenye mvua hii, Kong angefufuka anigombeze."

Na kila tuliyemuuliza alijibu vivyo hivyo. Ukuta wa ndani. Mbali na meko. Basi wakaimba kwa vinywa vitupu, na kuimba kwao ndiko mlikokusikia juzi hapa hapa redioni, wengi wenu mkatuuliza ni kwaya gani. Haikuwa kwaya. Walikuwa wateja wa duka la mlango wa samawati.

Kwako Balinda, kwako Daiahun, kwa ukoo wote wa Khongwir, tunawapa pole. Kwako Mjomba Klesing, uliyemzika mpwa wako katika uzee wako, pole, baba. Ulimtunzia kipande cha mbao, kumbe ulikuwa unamtunzia mkono wake.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, huenda nyumbani kwenu kuna kitu mlichokiacha kwa sababu siku moja watu walicheka. Leo mvua hii ikinyesha, kishusheni. Kipanguseni vumbi. Kaeni nacho, bila kushindana na mtu, mpaka tambuu iishe.