Majibu ya Baada ya Saa Kumi na Moja

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi mafundi cherehani mliosafiri kutoka mbali, historia hii inasomwa na kaka mkubwa wa marehemu, ambaye alikuwa mkaguzi wa mita za umeme kwa miaka thelathini na mmoja, na ambaye kazi hiyo ilimfundisha kutoiamini hata mita inayozunguka mbele ya macho yake. Mnaambiwa hayo mapema kwa sababu marehemu aliiandika historia yake mwenyewe, kurasa saba, mwezi Oktoba mwaka jana, akaagiza isomwe kama ilivyo, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufanya mambo yapendeze machoni pa watu, kaka alikataa, akasema hakuna kitakachosomwa mbele ya jeneza bila kukaguliwa. Mtakachosikia ni maneno ya marehemu yaliyopita mikononi mwa mkaguzi, na palipo na tofauti mtaelezwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 16 Machi 1981, saa nane mchana, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa mzee wetu, dereva wa lori la saruji, na mama yetu, mpishi wa shule. Yeye aliandika tarehe 14, lakini kadi ya kliniki inasema 16, na alipobanwa enzi za uhai wake alijibu kwamba siku mbili za nyongeza hazijawahi kumuua mtu. Alianza kusema kabla hajatembea, na hakunyamaza tena, ndiyo maana nyumbani tulimwita Chiriku, na jina hilo likamfuata hadi kazini.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, kuanzia mwaka 1988 hadi 1994, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, 1995 hadi 1998, ambako anasema alikuwa kiranja mkuu. Kaka alifunga safari hadi shuleni, akafunguliwa rejesta, akakuta ni kweli, alikuwa kiranja mkuu kwa wiki nne, akavuliwa cheo kwa kosa la kuongoza maongezi katika saa za kujisomea kimya. Mwaka 2002 alihitimu stashahada ya uandishi wa habari, na cheti kimeonekana, hakina doa.

Kazi alianzia redioni, tarehe 3 Machi 2003, akisoma matangazo ya mikutano na ya vifo, na tarehe 4 Juni 2012 akaajiriwa na kampuni yenye programu ya simu ambayo mafundi cherehani huitumia kuhifadhi vipimo vya wateja wao. Cheo chake kilikuwa msimamizi wa jamii ya watumiaji, na kusema ukweli familia haikukielewa, mama yetu aliaga dunia akiamini kwamba mwanawe anauza nyuzi. Kazi yenyewe ilikuwa kuwakusanya mafundi katika jukwaa moja ndani ya simu, wafahamiane, wafundishane, walalamike na kutulizwa, ili anayeipenda programu amvute na jirani yake. Aliwakuta mafundi sitini, amewaacha elfu kumi na moja. Sharti la kazi lilikuwa kwamba kila swali lijibiwe ndani ya nusu saa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, na lijibiwe na yeye mwenyewe tu, akatia saini.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 2009 na fundi bomba, mtu aliye kimya kama maji mtungini, na kaka hakumpenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu katika uzoefu wake mita iliyo kimya ndiyo iliyochezewa. Walijaliwa watoto wawili, wa kike tarehe 7 Mei 2011 na wa kiume tarehe 30 Agosti 2015.

Hapa ndipo palipo na ukurasa wa tano. Marehemu ameandika hivi: “Tangu mwanangu wa pili azaliwe, kila siku saa kumi na moja jioni niliacha kazi nikawa mama na mke, na Jumamosi mchana nikawa mcheza drafti.” Habari ya drafti kaka aliijua, kwani mwaka 2017 aliwahi kumfuata Jumamosi moja mguu kwa mguu, akihisi anaelekea kubaya, akajibanza nyuma ya lori dakika arobaini, na alichokiona ni mdogo wake akimfunga fundi viatu michezo mitatu mfululizo huku akimcheka. Lakini saa kumi na moja? Kazi ilikuwa hadi saa mbili, sharti ni nusu saa, na mafundi wote wanasema walijibiwa. Kaka akachukua kalamu nyekundu, akapigia mstari, akaandika pembeni: uongo.

Alikuwa na sababu nyingine ya kutoiamini ile sentensi, nayo lazima isemwe. Mapema Februari 2016, jioni moja, kaka aliingia nyumbani kwa marehemu bila kubisha hodi kubwa, akamkuta shemeji yake peke yake kwenye meza ya jikoni, ameshika simu ya mkewe, kidole gumba kinakwenda mbio, na alipomwona mgeni akaigeuza simu kifudifudi. Kutoka chumbani kulisikika marehemu akiimba na watoto. Machale yakamcheza kaka. Tarehe 20 Februari akaita kikao cha familia, akamshutumu shemeji mbele ya watu tisa kwamba anapekua simu ya mkewe kwa wivu, na kwamba mwanamke huyu ana kwao. Marehemu alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaufunga bila kusema neno, kwa sababu mumewe alikuwa amemshika mkono chini ya meza. Shemeji akasema tu, “Nimekosa, shemeji, nisamehe.” Kaka akakichukua hicho kuwa ni kukiri, akaweka kinyongo miaka tisa, na kila alipokwenda nyumba ile salamu yake kwa shemeji ilikuwa neno moja tu, la mlangoni.

Marehemu alianza kuugua mwezi Machi 2024, na tarehe 19 Aprili vipimo vilionyesha saratani ya ini, akaanza matibabu ya kwenda na kurudi, akiendelea kufanya kazi mchana kitandani, mito mitatu mgongoni, hadi mwisho wa Novemba, kisha kampuni ikamruhusu kujibu jioni tu. Hata huko wodini kaka alimwona shemeji akitoka na simu ya mgonjwa kila ikifika jioni, akakaa kwenye benchi la korido, na kaka akawaambia dada zake kwamba mtu asiye na haya hata ugonjwa haumtishi. Alifariki dunia Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, wodi namba sita, mikononi mwa mumewe, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

Sasa sikilizeni. Ili kuukagua ukurasa wa tano, kaka alikuwa ameiweka programu ile katika simu yake na kujiandikisha kama fundi wa suruali, na asamehewe, suruali hajawahi kushona. Alhamisi tarehe 6 Februari, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, ameketi kibarazani akisoma majibu ya zamani, taa ya kijani, ile ya kuonyesha mtu yupo, ikawaka pembeni ya jina la marehemu. Fundi mmoja wa sare za shule alikuwa akilia kwamba vipimo vya watoto arobaini vimefutika, na jibu likaja: “Kwanza usiguse kitu. Vipimo havijapotea, vimejificha. Fungua ukurasa wa mwanzo uniambie unaona nini.” Wakati huo marehemu yuko chumba cha maiti, na karatasi ya kumpokelea iko mfukoni mwa shati la kaka.

Kaka aliogopa, kisha akakasirika, kwani alijua kuna mtu anamtumia mdogo wake hata baada ya kufa. Alimpigia meneja wa marehemu, ambaye naye aliapa kwamba ofisini hakuna mwenye ufunguo wa akaunti ile, na kwa sauti yake akaonekana kuwashuku wanafamilia, wakabaki wanashukiana kwenye simu. Ndipo kaka akafanya alichokifanya kwa mita miaka yote, akazitazama namba za mchana na za jioni zikiwa pamoja. Majibu ya kabla ya saa kumi na moja yalikuwa marefu, yana vicheko, yana alama za mshangao kama mvua, ni Chiriku mtupu. Majibu ya baada ya saa kumi na moja yalikuwa mafupi, hayana alama ya mshangao hata moja, na takriban yote yalianza na neno “Kwanza”. Hata lile lililopewa cheti cha jibu bora la mwaka 2019, alilopewa fundi aliyekuwa amekata vibaya kitambaa cha bibi harusi, lilikuwa la saa kumi na mbili jioni: “Kwanza kaa chini, kunywa maji, kitambaa hakikimbii. Halafu niambie umekata wapi.” Ilikuwa hivyo kila siku kwa miaka tisa na ushee, na hakuna aliyeona.

Asubuhi yake akamwita mpwa wake wa kike, akamwonyesha. Mtoto alimtazama kama anayemwonea huruma, akasema, “Mjomba, huyo si mama, huyo ni baba. Mbona sisi wote tunajua?”

Kaka alimkuta shemeji nyuma ya nyumba, anakaza bomba la kunawia lililokuwa likivuja, ili waombolezaji wasikanyage tope. Akamuuliza. Shemeji alimaliza kwanza kukaza, akafuta mikono, akaeleza kwamba mwaka ule mtoto wa pili alipozaliwa marehemu alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi, analia, maana kazi anaipenda na watoto anawapenda, na simu inaita hadi saa mbili. Yeye akamwambia mkewe, nipe simu wewe ukae na watoto, mimi siwezi kuimba lakini najua mtu anavyojisikia mteja akimsubiri mlangoni na kazi imeharibika. Kaka akamuuliza kwa nini kwenye kikao hakujitetea, naye akajibu, “Shemeji, ningejitetea, angefukuzwa kazi. Watu tisa hawafichi siri.” Na alipoulizwa kwa nini bado anajibu wakati mwenyewe hayupo tena, akasema, “Nikiwa najibu, naona kama yuko chumba cha pili na watoto.”

Kwa hiyo familia inatamka rasmi kwamba ukurasa wa tano umekaguliwa na ni kweli tupu, kalamu nyekundu imefutwa, marehemu alikuwa mama na mke kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni, na watoto wake wanalijua hilo bila kuonyeshwa karatasi. Meneja wake ameelezwa, akasema cheti cha jibu bora kibaki palepale ukutani ofisini. Nanyi mafundi mlioko hapa mmekuja kwa sababu jana saa kumi na moja mlisoma jibu la mwisho, ambalo shemeji aliliandika kwa nafsi yake: “Kwanza poleni. Mimi ni mume wake. Amefariki Jumatatu. Jioni nilikuwa najibu mimi, nisameheni. Vipimo vyenu viko salama.”

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, hasa yule muuguzi mrefu aliyemruhusu marehemu kucheka kwa sauti wakati wengine wamelala mchana, inawashukuru majirani waliochota maji na kulaza wageni, wafanyakazi wenzake waliofunga ofisi leo, fundi viatu, mwenzake wa drafti, na mafundi cherehani wote, ambao hatuwezi kuwataja mmoja mmoja, mko elfu kumi na moja.

Limebaki jambo moja. Kaka ndiye aliyepanga watu sita wa kubeba jeneza, alipanga siku ya Jumanne, kabla hajajua, na kwa makusudi hakumweka mume wa marehemu, nafasi ya mbele upande wa kulia akajipa mwenyewe. Anaiachia. Shemeji, mbele ya watu hawa wote, ambao ni wengi kuliko wale tisa, kaka anasema alikukosea, hukuwahi kuwa na kosa, anakuomba msamaha, na anakuomba uje ushike hapo mbele, yeye atafuata nyuma.

Na wewe Chiriku, mdogo wangu, nimeshindwa kuendelea kujiita kaka kama mtu mwingine. Ni mimi. Nilidhani nakulinda. Pumzika sasa, mumeo anakuja kukubeba.